Kuteremka Mlima Kenya kwa Baiskeli: Mwongozo Kamili kwa Mshiriki wa Mara ya Kwanza

Mashindano ya 10to4 yamechukua jina lake kutoka kwa namba mbili: futi 10,000, kimo cha juu kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na futi 4,000 huko chini tambarare. Kwa mita, ni kama 3,050 hadi 1,200. Ni mashindano ya kuchangisha fedha za uhifadhi kupitia Mount Kenya Trust, na watu wa kawaida hushiriki pamoja na wanaoishi kwa baiskeli. Mtu akisikia kwamba njia inateremka kuliko inavyopanda, anapiga hesabu ya haraka: nitakaa kitini, mlima utanibeba.

Mimi nilipiga hesabu hiyohiyo. Nilipanda vilima miezi mitatu mfululizo, mapafu yakawa tayari, miguu ikawa tayari. Saa ya pili ya mashindano nilisimama kando ya njia kwa sababu vidole vyangu havikuweza tena kubana breki. Miguu ilikuwa na nguvu tele, ila hapakuwa na mkono wa kuiongoza. Ndiyo sababu mwongozo huu unatumia muda mwingi kwenye mikono, breki na matairi kuliko kwenye mapafu. Utakufaa pia ukienda mashindano mengine ya milimani, kwa maana hakuna mlima usio na upande wa kushuka.

Chagua kundi linalokufaa

Kabla ya kulipa ada, soma maelezo ya makundi ya mwaka huo: umbali, idadi ya siku, muda wa mwisho wa kufika kila kituo, na vifaa vya lazima. Kisha jipime kwa ukweli. Ikiwa hujawahi kuendesha kilomita 40 nje ya lami kwa siku moja, chukua kundi fupi. Hakuna aibu hapo. Anayemaliza kundi fupi akiwa mzima hurudi mwaka unaofuata, na anayeokotwa na gari la wagonjwa kwenye kundi refu mara nyingi huuza baiskeli.

Jipe wiki 12. Ukiwa na 8 bado unaweza kufanya kitu cha maana. Chini ya hapo, nenda ukafurahie mandhari na usishindane na yeyote.

Baiskeli: anza na breki

Huhitaji baiskeli mpya. Nyingi zinazokimbia vizuri huku kwetu ni za mtumba, na fundi mzuri anaweza kukujengea moja kutoka kwa vipande vya tatu. Kinachotakiwa ni fremu isiyo na ufa (kagua hasa pale mabomba yanapoungana chini ya usukani na karibu na pedeli), shokapu za mbele zinazorudi bila kukwama, na breki za diski. Za mafuta ni bora kuliko za waya, kwa sababu zinahitaji kidole kimoja tu kubana. Kwenye mteremko wa saa tatu, tofauti ya kubana kwa kidole kimoja na kubana kwa vitatu ndiyo tofauti ya kumaliza na kutomaliza.

Toa pedi za breki uziangalie. Zikibaki na unene wa chini ya milimita 1, badilisha, na ubebe jozi nyingine mfukoni. Pedi mpya usiende nazo mlimani moja kwa moja. Tafuta barabara yenye mteremko mpole, kimbia kiasi, bana mpaka karibu kusimama, achia, rudia mara 15 au 20. Hapo pedi na diski zinashikana vizuri. Ukiruka hatua hii breki zitapiga kelele siku nzima na zitashika nusu tu ya uwezo wake. Mafuta ya cheni yasiguse diski kabisa, hata tone. Pedi ikinywa mafuta, itupe.

Cheni ipime kwa rula. Chukua katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya 25, yaani mapengo 24: cheni mpya hufika inchi 12 kamili. Ikizidi kwa inchi 1/16, nunua nyingine. Ikizidi kwa 1/8, jua kwamba meno ya gia za nyuma nayo yameliwa, na cheni mpya itaruka juu yake kila unapokanyaga kwa nguvu. Badilisha vyote, na ufanye hivyo wiki tatu kabla, usingoje siku ya mwisho.

Kuna kipande kidogo cha alumini kinachounganisha deraila, yaani kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kati ya gia, na fremu. Kimetengenezwa kiwe laini kwa makusudi, ili ukianguka kipinde chenyewe badala ya fremu. Kila fremu ina chake na hakipatikani kwa kila fundi. Tafuta cha akiba mapema. Ni kitu cha bei ndogo ambacho kimewatoa watu wengi mashindanoni.

Matairi na miiba

Hapa naomba usome polepole. Sehemu ya juu ya mlima ni msitu, mizizi na udongo mweusi. Ukishuka kuelekea upande wa Laikipia unaingia nchi ya migunga, na mwiba wa mgunga haujali bei ya tairi lako. Hupenya mpira kama sindano.

Njia bora ni tairi lisilo na tyubu, lililowekwa ule utomvu wa maji unaoziba tundu lenyewe. Mwiba ukiingia, utomvu hufoka kidogo, huganda, nawe unaendelea. Utomvu hukauka baada ya miezi michache, zaidi kwenye joto, kwa hiyo hata kama uliwekewa mwaka jana, fungua uhakikishe bado unacheza ndani kama maziwa. Kama ringi zako haziruhusu mfumo huo, tumia tyubu zenye utomvu ndani yake na ubebe tyubu mbili za ziada, viraka na gundi. Mwiba mkubwa ulioziba tundu lake mwenyewe usiuchomoe njiani. Uache hapo hapo mpaka mwisho.

Upana wa inchi 2.2 hadi 2.4 unatosha. Kuhusu upepo, mtu wa kilo 70 mwenye tyubu aanzie psi 28 mbele na 30 nyuma, na asiye na tyubu ashuke mpaka 22 na 25. Ukisikia ringi inagonga jiwe, ongeza mbili. Ukirukaruka kwenye kokoto kama mpira wa tenisi, punguza mbili. Andika namba yako kwenye karatasi.

Swali linaloulizwa sana ni kama upepo unabadilika unaposhuka. Unabadilika, lakini si kwa kiasi cha kukutia wasiwasi. Kutoka mita 3,000 hadi 1,200 hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, na kipimo cha tairi kinashuka kama psi 2 na nusu. Wakati huohuo umetoka kwenye baridi ya alfajiri ukaingia kwenye jua la tambarare, na joto hilo linapandisha karibu kiasi kilekile. Pima ukiwa juu, kabla ya kuanza, kisha usiguse tena.

Wiki 12 za mazoezi

Wiki 4 za kwanza endesha mara tatu au nne kwa wiki, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Wengi huona mwendo huu ni wa uvivu wakauacha. Usiuache, ndio unaojenga moyo na mishipa ya damu. Safari moja ya Jumamosi au Jumapili iwe ndefu: anza na saa moja na nusu, ongeza nusu saa kila wiki. Wiki ya nne punguza kila kitu kwa theluthi moja upumzike.

Kuanzia wiki ya 5 hadi ya 9 ongeza vilima. Tafuta mwinuko wa dakika 5, upande kwa nguvu ambayo maneno mawili tu yanatoka, shuka polepole, rudia mara nne. Wiki baada ya wiki fikisha mara sita, au refusha mwinuko hadi dakika 8. Mara moja kwa wiki inatosha, mbili ukiwa kijana na unalala vizuri. Hata njia inayoteremka ina mabonde ya mito, na kila bonde lina ng'ambo yake ya kupanda.

Safari ndefu ifikie saa nne kwenye wiki ya 10. Ifanye kwenye njia inayofanana na mashindano: mawe, vumbi, na mteremko mrefu usiopungua dakika 20. Kwa mkazi wa Nairobi, msitu wa Karura unafaa kwa mazoezi ya jioni, Ngong Hills kwa upepo na vilima, na msitu wa Kereita kwa udongo unaoteleza. Kwenye msitu wa Mlima Kenya usiingie peke yako kufanya mazoezi. Ni hifadhi yenye tembo na nyati, ina ada na masharti yake, na nyati hatoi nafasi ya pili.

Wiki ya 11 punguza safari kwa theluthi, ya 12 kwa zaidi ya nusu, ila acha mwinuko mfupi mmoja au miwili ili miguu isilale.

Na mazoezi ya nyumbani, mara mbili kwa wiki, dakika 20: pushapu, kujinyoosha juu ya viwiko ukikaza tumbo, kuchuchumaa na kuinuka, na kuning'inia kwenye mti au bomba mpaka mikono ichoke. Hilo la kuning'inia ndilo lililonikosa mwaka wangu wa kwanza. Ukiweza kuning'inia sekunde 60 mara tatu, vidole vyako viko tayari.

Kushuka ni ufundi, na ufundi hufundishika

Shusha siti sentimita 4 au 5 kabla ya mteremko mrefu. Simama juu ya pedeli, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, pedeli zikiwa usawa mmoja na ardhi, ili jiwe lisigonge mguu ulioko chini. Magoti na viwiko vipinde, viwiko vikielekea nje. Uzito wote uwe miguuni na si mikononi. Jipime hivi: ukiwa unashuka, je, unaweza kuchezesha vidole vyako kama mpiga kinanda? Ukishindwa, umeegemea usukani, na ganzi inakuja.

Kidole cha shahada peke yake kikae kwenye breki, vingine vishike usukani. Sogeza mpini wa breki uelekee katikati ili kidole kikae kwenye ncha yake, maana hapo nguvu ndogo hufanya kazi kubwa. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Wanaoiogopa na kutumia ya nyuma tu huteleza na kuchoma pedi. Zitumie zote mbili, ukibana ya mbele taratibu kama unayekamua ndimu, baiskeli ikiwa imenyooka.

Usiburute breki. Mtu mwenye hofu hubana kidogo kidogo kilomita nzima, pedi zinapata moto, mafuta yanachemka, mpini unakuwa laini, na kufika kwenye kona kali hana kitu mkononi. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi, achia ziingie hewa, bana tena. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Ukiwa kwenye kona, pedeli ya nje iwe chini na uzito wako juu yake, baiskeli ilale kuliko mwili.

Macho nayo yana kazi. Baiskeli huenda unakotazama. Ukilikazia macho jiwe, utaligonga. Tazama mita 10 au 15 mbele, pale unapotaka kupita, na ukienda kasi tazama mbali zaidi.

Chagua mteremko mmoja wa dakika tatu ushuke mara sita kila wiki, mara ya kwanza polepole kabisa. Ukiweza, mfuate mtu anayejua zaidi yako na utazame anapoachia breki. Utajifunza mengi zaidi hapo kuliko kwenye video yoyote.

Kula na kunywa

Kwa kila saa moja ya kazi ngumu ulishe mwili gramu 30 hadi 60 za wanga, na kwa maji ni kati ya nusu lita na robo tatu. Ndizi mbivu moja ya wastani ni kama gramu 25. Tende nne au tano, viazi vitamu vilivyochemshwa, kashata, mkate wenye asali, vyote vinafanya kazi na havigharimu kama zile pakiti za dukani. Kinywaji changu ni lita moja ya maji, vijiko 12 vya chai vya sukari, robo kijiko cha chumvi na ndimu moja.

Anza kula dakika 30 za mwanzo, kabla njaa haijabisha. Kwenye mteremko mikono haina nafasi, kwa hiyo kila mahali tambarare pawe pa kula. Na chochote utakachokula siku hiyo uwe umekila kwenye safari ndefu za mazoezi. Tumbo halipendi wageni.

Usiku wa kuamkia, kula ulichozoea: ugali na mboga laini, au wali, maharagwe kidogo tu. Asubuhi, saa tatu kabla ya kuanza kama ratiba inaruhusu, uji wa ulezi wenye sukari na mkate unakaa vizuri.

Kimo na baridi

Kwenye mita 3,000 msukumo wa hewa ni kama asilimia 70 ya ule wa pwani. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam atahema kwa kupanda ngazi tu. Akiweza, afike Nanyuki siku tatu au nne kabla. Mji huo uko karibu mita 1,950, unatosha kuuzoesha mwili. Anywe maji, aache pombe, na siku ya kwanza asiendeshe kwa nguvu. Kichwa kikiuma sana na kutapika kukianza, ni kushuka, hakuna dawa bora zaidi.

Juu kuna baridi kali alfajiri. Weka gazeti kifuani chini ya jezi na uvae koti jepesi linalokunjika. Jua likishika, gazeti linatolewa na kuwekwa mfukoni. Glavu ziwe za vidole vizima, na miwani ni lazima kwa sababu ya vumbi la aliye mbele yako. Kofia ngumu iwe nzima, isiyowahi kugonga chini. Bukta yenye sponji haivaliwi na chupi ndani, na paka mafuta mazito pale ngozi inaposuguana.

Mfukoni au mgongoni: tyubu, viraka, pampu ya mkono, spana za umbo la L, kikata cheni na kiungo cha akiba, kile kipande cha deraila, pedi, kipande cha pakiti ya maziwa cha kuwekwa ndani ya tairi likichanika ubavuni, simu yenye chaji, filimbi, bandeji.

Siku yenyewe

Fika mapema upime matairi, zungusha gurudumu moja moja, bana breki, hakikisha mhimili wa magurudumu umekazwa. Kama ni mara yako ya kwanza, jipange katikati au nyuma. Wanaoanza mbele bila uwezo huwa ukuta kwa wengine, na kwenye njia nyembamba hilo huleta ajali.

Dakika 15 za mwanzo kila mtu atakupita. Waache. Kwenye kimo hicho pumzi ikikatika hairudi upesi, na wengi wa hao utawakuta baadaye wamekaa kwenye nyasi wakitafuta tyubu. Ukitaka kupita, toa sauti mapema, "Kulia!", na usubiri mwenzako apate mahali pa kujibanza. Ukipitwa, shikilia mstari wako bila kuyumba. Sehemu usiyoiamini, shuka utembee. Sekunde 20 za kutembea ni nafuu kuliko mfupa wa bega.

Walinzi wa wanyamapori wakikuambia simama, simama na unyamaze. Eneo hili si la kwetu peke yetu. Msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa Urithi wa Dunia na UNESCO mwaka 1997, na mwaka 2013 eneo hilo likapanuliwa kuingiza hifadhi ya wanyamapori ya Lewa na msitu wa Ngare Ndare. Kati ya mlima na Ngare Ndare kuna ushoroba wa tembo, na tangu 2011 wanapita chini ya barabara kuu kwenye njia waliyojengewa. Pesa ya ada yako inaenda kwenye kazi ya namna hii. Usitupe hata karatasi ya peremende.

Mtu akianguka mbele yako, simama. Muulize jina lake na yuko wapi. Akijibu ovyo, amegonga kichwa na haendelei hata akisema yuko sawa. Weka baiskeli yake njiani, juu kidogo ya pale alipoanguka, kama alama, mtume anayefuata akatoe taarifa kituoni. Muda wako utapotea, na upotee.

Kilomita za mwisho jua huwa kali na njia inakuwa rahisi, na hapo ndipo miiba ilipo na umakini umekwisha. Kunywa, kula kitu kitamu, panga vidole upya kwenye usukani.

Baada ya mstari wa mwisho

Tembea dakika kumi, kunywa, kula chakula chenye wanga na protini ndani ya saa moja, maziwa na mkate hutosha. Osha vidonda kwa maji safi na sabuni kabla havijakauka. Baiskeli ioshe kabla ya kuipakia, matairi hasa, usihamishe mbegu za magugu kutoka tambarare kwenda kwingine.

Kidole cha mwisho na jirani yake vinaweza kubaki na ganzi siku kadhaa, kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja umebanwa na usukani. Pumzisha mkono, badilisha mpini wa raba kwa ulio mnene zaidi. Zikipita wiki mbili bado huwezi kufunga kifungo cha shati, nenda kamwone daktari.